Wastani wa Homa

Siku yangu ya kwanza kazini nilivaa sketi ya dada yangu na viatu vilivyonibana. Nilitoka kwetu Kiptere asubuhi na mapema, nikabebwa na lori la majani ya chai lililokuwa linarudi tupu upande wa Kimulot, na chai ya saa nne ilinikuta nimesimama mbele ya zahanati ya kampuni, kule juu ambako mashamba ya chai yanakomea na msitu wa Mau unaanza. Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya tisini. Ukungu ulikuwa umeshuka hadi kwenye paa la mabati. Wagonjwa walikuwa wamepanga foleni nje wakiwa bado na aproni zao za plastiki za kuchumia.

Nilikuwa nimeandikwa kama karani wa rekodi. Aliyenipokea alikuwa tabibu msimamizi, Bwana Otieno, mtu wa kutoka kando ya ziwa, mrefu, mwenye sauti ya chini. Hakuwa na digrii ya udaktari, lakini laini zote, maana ndivyo tulivyoita safu za nyumba za wafanyakazi, zilimwita Dakitari. Alisoma barua yangu akiwa amesimama.

"Chelangat. Mwandiko wako unasomeka?"

"Unasomeka, Daktari."

"Basi kaa hapa. Kila mgonjwa akitoka kwangu nitakuambia ugonjwa wake, na wewe unachora kijiti. Vijiti vinne wima, cha tano unakipitisha juu yao. Na usikie vizuri: mtu akisema ako na malaria, hiyo si malaria mpaka nipime damu. Usiandike vile mtu anasema. Andika vile hadubini inasema."

Hivyo ndivyo kazi ilivyofanywa wakati huo. Mwisho wa siku nilijumlisha vijiti kwa tano-tano, mwisho wa mwezi nikajumlisha siku, na karatasi ile ikapelekwa Kericho kwa gari la wagonjwa. Hakuna aliyeniambia inafanyiwa nini huko.

Siku hiyo ya kwanza sikuwa na pa kulala, maana nyumba yangu ilikuwa haijatolewa. Aliyenichukua alikuwa mama msafishaji wa zahanati, mjane aliyeitwa Taprandich. Binti zake walikuwa wameolewa mbali, na chumba chake kilikuwa na kitanda kimoja na jiko. Alinipa mursik, maziwa yetu ya mgando, kwenye kikombe cha bati, akakaa kunitazama nikinywa.

"Sasa wewe ndiyo utakuwa unahesabu sisi?" aliuliza.

"Nahesabu magonjwa, mama."

"Si ni sisi tunagonjeka?" Akacheka, akaniongezea.

Nilikaa kwake mpaka nikapata chumba, na hata baada ya kukipata, chakula cha Jumapili baada ya kanisa nilikuwa nakula kwake. Alikuwa mtu wa kupenda sakafu safi kupita kiasi. Bwana Otieno mwenyewe alikuwa akivua viatu vyake vya gambuti mlangoni kwa kumwogopa.

Baada ya miaka michache nilihamishiwa Kericho, kwenye ofisi kuu ya afya ya kampuni. Nilipandishwa cheo nikawa karani wa takwimu. Mkubwa wangu alikuwa Daktari Mkuu, mzee wa kutoka Bomet aliyekuwa karibu kustaafu, mtu wa kuvaa sweta chini ya koti hata jua likiwaka. Hapo ndipo nilipoona kompyuta kwa mara ya kwanza. Ilikuwa kwenye chumba chake peke yake, imefunikwa kitambaa cha mezani, na mlangoni kulibandikwa onyo kwamba chai hairuhusiwi kuingia. Skrini ilikuwa nyeusi na maandishi ya kijani. Kila ukimaliza kazi ulihifadhi kwenye disketi, kipande cha plastiki cha mraba ambacho ukikisahau kwenye jua umepoteza mwaka mzima.

Programu tuliyotumia ilikuwa spredishiti. Siku hizi wasomi wa Kiswahili wanaiita lahajedwali, na jina hilo ni zuri, lakini sisi tulisema spredishiti. Ni jedwali kubwa lisilo na mwisho. Safu za kwenda chini zina herufi, mistari ya kwenda upande ina namba, kwa hiyo kila kisanduku kina anwani yake kama nyumba za laini: B4, C7, na kadhalika. Unaingiza hesabu za kila zahanati, kila mwezi kwenye kisanduku chake. Halafu kwenye kisanduku kitupu unaandika amri. Kwetu amri ilianza kwa ile alama ya a iliyozungushiwa mkia, ikafuata neno fupi la wastani, na ndani ya mabano ukataja kisanduku cha kwanza na cha mwisho. Ukibonyeza kitufe cha kuingiza, jibu linatokea kabla hujaondoa kidole. Kazi iliyonichukua kutwa kwa kikokotoo cha kutoa karatasi iliisha hivyo. Nilikaa nikaitazama. Sikufurahi, niliogopa kidogo.

Daktari Mkuu alinifundisha mwenyewe. Alivuta kiti, akaniambia niandike hesabu tano za mfano za wagonjwa wa homa, zahanati tano: kumi, kumi na moja, kumi na mbili, kumi na tatu, na ya mwisho themanini na nne.

"Tafuta wastani."

Nikatafuta. Ishirini na sita.

"Ni zahanati gani hapa iko na wagonjwa ishirini na sita?"

Nikatazama juu mpaka chini. "Hakuna, Daktari."

"Hakuna. Sasa ukituma dawa ya watu ishirini na sita kila mahali, zahanati nne zitabaki nayo mpaka iharibike, na moja itaishiwa wiki ya kwanza. Hesabu si mbaya. Mashine imejumlisha vizuri na kugawanya vizuri. Ni swali ndilo baya."

Kisha akanionyesha namba ya kati. Unapanga hesabu zako kutoka ndogo hadi kubwa, unachukua iliyo katikati. Kwa mfano wetu ilikuwa kumi na mbili, ambayo angalau ilifanana na zahanati za kweli. Idadi ya hesabu ikiwa shufwa, unachukua mbili za katikati, unazijumlisha na kugawa kwa mbili. Programu yetu haikuwa na amri ya kati, kwa hiyo nilizipanga kwanza kisha nikahesabu kwa kidole kwenye kioo cha skrini. Ya tatu ilikuwa modi, yaani ile inayojirudia mara nyingi zaidi. Hiyo tuliitumia kwa majina ya magonjwa, kwa sababu huwezi kutafuta wastani wa kuhara na kikohozi, lakini unaweza kujua ni kipi kinachorudi zaidi.

Jambo jingine alilosisitiza ni tofauti ya sifuri na kisanduku kitupu. Sifuri ni hesabu kama hesabu nyingine, na mashine huijumuisha kwenye kugawanya. Kisanduku kitupu hurukwa kana kwamba hakipo. "Sifuri ni mtu amekuja akakuambia hakuna mgonjwa," alisema. "Kitupu ni hakuna mtu amekuja. Usichanganye hizo mbili hata siku moja."

Na kuhusu malaria alikuwa na sheria yake. Huko juu kwenye mashamba ni baridi, na malaria haikai mwaka mzima kama inavyokaa kando ya ziwa. Miezi mingi hakuna kitu. Kisha mvua ya masika inapopungua na joto kidogo linapoingia, kwenye mwezi wa sita na wa saba, inapanda ghafla, na watu wa baridi hawana kinga nayo. Kwa hiyo hakutaka wastani wa mwaka. Alitaka Juni ilinganishwe na Juni za miaka iliyopita, na Julai na Julai. Kila mwaka, kabla ya mwezi wa tano kwisha, alikuwa ametuma masanduku ya kwinini, dawa ya malaria, kwenye zahanati za juu, na watu walioyaona yamekaa rafuni bila kutumika walimcheka.

Alistaafu mwisho wa mwaka. Tulimfanyia keki. Nafasi yake haikujazwa. Bei ya chai ilikuwa imeshuka, kila ofisi ilikuwa inapunguzwa, na idara ya afya ikawekwa chini ya Meneja wa Utawala, ambaye pia alisimamia magari, nyumba na walinzi. Sitaki kumfanya shetani. Alikuwa mtu wa haraka, msafi, asiyekula rushwa, na aliwajua walinzi wote kwa majina. Lakini alitaka mambo yaingie kwenye ukurasa mmoja.

"Mama Chelangat," aliniambia wiki yake ya kwanza, "hizi karatasi zako ni nyingi. Nipe namba moja kwa kila zahanati. Wastani wa mwezi. Stoo itapeleka dawa kufuata hiyo."

"Bwana Meneja, Daktari Mkuu alikuwa anatenganisha miezi."

"Na kila mwaka tunatupa kwinini imeisha muda. Nimeona mwenyewe kwenye stoo. Namba moja, tafadhali."

Nilimweleza mfano wa zahanati tano. Alisikiliza, kweli alisikiliza, hata akatabasamu. Akasema ni mfano mzuri wa darasani. Kisha akaandika waraka, na mgao wa dawa ukaanza kufuata wastani.

Mwaka huo wa kwanza wa Meneja mvua ilinyesha bila kupumzika, na ilipopungua, jua liliwaka kwa joto ambalo wazee wa huko juu Konoin walisema hawalijui. Mwezi wa sita ulikuwa haujafika katikati nilipoitwa kwenye redio ya mawasiliano. Ilikuwa sauti ya Bwana Otieno, na ilikuwa imekauka.

"Chelangat, kwinini iko karibu kwisha. Nimelaza watu chini. Nimelaza hata kwenye veranda. Huko ofisi wanasema nini?"

"Nitawaambia sasa hivi. Ripoti ya wiki ya msimu wa homa hukutuma, Daktari."

"Ripoti?" Redio ikakoroma kidogo. "Karani wangu mwenyewe amelala hapa na dripu. Nani ataandika?"

Nilikwenda kwa Meneja. Alikuwa na karatasi ya wastani mezani, ile niliyompigia chapa mimi mwenyewe. Aliweka kidole kwenye mstari wa zahanati ya Bwana Otieno kule juu. Wastani wake ulikuwa mdogo kuliko wa zahanati zote, kwa sababu miezi mingi huko hakuna malaria kabisa. Mgao wake wa mwezi ulikuwa umeshapelekwa.

"Wameshapata yao," alisema, akavuta karatasi ya ripoti za wiki. "Na wiki hii hawana mgonjwa. Ona, hapa hakuna kitu."

"Hiyo si sifuri, Bwana. Ni kisanduku kitupu. Hakuna mtu wa kuandika."

"Siwezi kutoa dawa kwa sauti ya redio. Leo nikimpa huyu, kesho wote watapiga redio. Mwambie alete hesabu."

"Hesabu iko kwenye veranda, Bwana Meneja."

Nadhani hakuna mwanamke wa ofisi aliyewahi kumjibu hivyo. Akasema ana mkutano.

Nilirudi kwenye kompyuta. Nilitoa disketi za miaka ya Daktari Mkuu, nikapanga Juni zote upande mmoja, nikachora grafu ya mistari kwa mashine, ambayo siku hizo ilichukua muda mrefu kuchapwa, sindano za printa zikilia mstari kwa mstari. Kwa wiki hiyo ya mwisho sikuwa na namba, kwa hiyo nikaacha pengo na kuandika kwa kalamu: "Tabibu hana nafasi ya kuandika." Nikangoja nje ya chumba cha mkutano mpaka walipotoka, nikampa mbele ya wenzake. Aliisoma akiwa amesimama. Nitamshukuru kwa hili, kwamba hakubishana tena. Aliandika chini yake kibali cha kutoa dawa, akatia sahihi akiwa ameigandamiza ukutani kwa kiganja, akasema, "Nenda nayo wewe mwenyewe."

Lakini siku hiyo stoo ilikuwa imeshafungwa, na kesho yake barabara ilikuwa imekatika, tukalazimika kuzungukia mbali. Tulipofika, Landrova ilikuwa na matope hadi kwenye vioo.

Siwezi kueleza zahanati ile nilivyoikuta. Nilizoea kuiona kama kibanda kidogo cha mabati cha watu kumi wanaokohoa. Sasa watu walilala bega kwa bega, wachumaji na wake zao na watoto, wengine chini ya aproni zao za plastiki kwa kukosa blanketi. Bwana Otieno alikuwa akitembea katikati yao kwa soksi. Alipokea sanduku bila kusema asante, akalipasua kwa makasi.

"Taprandich yuko wapi?" niliuliza, kwa sababu sakafu ilikuwa chafu.

Alionyesha kwa kidevu. Alikuwa nyuma ya mlango wa stoo ya mafagio, kwenye mkeka. Macho yake yalikuwa ya manjano na hayakunijua. Nilipiga magoti nikamshika mkono, uliokuwa unawaka kama jiko.

"Mama, ni mimi. Chelangat wa Kiptere."

"Nani amepiga deki?" aliuliza kwa Kikipsigis. "Watu wanapita na matope. Nani amepiga deki?"

"Nitapiga mimi, mama."

"Maji moto," alisema. "Si baridi. Baridi haitoi."

Bwana Otieno alimwekea dripu kabla ya wengine wote, nami nikaishika chupa juu kwa sababu misumari ilikuwa imekwisha ukutani. Baadaye muuguzi aliniambia kwamba dozi ya mwisho iliyokuwa imebaki jana yake ilikuwa imepangiwa yeye, na yeye akakataa, akasema waanze na watoto, mtu mzima hutoa jasho akapona. Alikuwa ameamini hivyo kweli, kwa sababu miaka yote ya nyuma alipata homa na kutoa jasho na kupona. Alifariki kabla ya jua kuzama. Nilichemsha maji, nikapiga deki chumba kile chote nikiwakwepa watu kwa tambara.

Homa ile ilipungua mwezi wa nane, kama inavyopungua kila mwaka. Wafu wengine sitawataja hapa, kwa kuwa watu wao bado wapo na si kazi yangu kuwataja.

Mwisho wa mwaka tulitakiwa kuandaa ripoti. Nilijaza visanduku vyote, hata vile vya Juni ambavyo Bwana Otieno alivikamilisha baadaye kwa kukumbuka na kwa kuuliza laini kwa laini. Nikaandika amri, nikabonyeza. Wastani wa mwaka wa zahanati zote ulitoka karibu sawa na wa mwaka uliotangulia. Miezi mingine ilikuwa mizuri, na zahanati za chini zilikuwa na afya, kwa hiyo Juni ile ikatandazwa juu ya mwaka mzima kama siagi kidogo kwenye mkate mkubwa, mpaka haikuonekana. Wastani wa siku za ruhusa ya ugonjwa ulikuwa hata umeshuka kidogo, maana aliyekufa haombi ruhusa. Kwenye mkutano wa mwaka ilisomwa kwamba hali ya afya ni ya kuridhisha.

Siku chache baadaye Bwana Otieno alikuja Kericho. Aliingia ofisini bila kupiga hodi, kofia mkononi.

"Nimesikia kuna namba," alisema. "Nionyeshe."

Nikafunua kitambaa, nikawasha mashine, nikaingiza disketi. Tulingoja pamoja. Namba ikatokea kwenye kona ya chini, ya kijani, na desimali mbili.

"Ni hii?"

"Ndiyo hii, Daktari."

Aliinama mpaka uso wake ukakaribia kioo. Nilidhani atakasirika. Badala yake akaanza kutaja watu kwa sauti ile yake ya chini, jina na laini, jina na laini, kama anayeita foleni ya asubuhi. Wa mwisho alikuwa Taprandich.

"Na iko sawa?" aliniuliza. "Hesabu yenyewe haina makosa?"

"Haina makosa."

Akatikisa kichwa polepole. "Hiyo ndiyo mbaya zaidi," alisema, akavaa kofia. Mwezi uliofuata aliandika barua ya kuacha kazi, akarudi kwao ziwani. Nilimwandikia mara mbili. Alijibu mara moja, kwa mistari michache, akiuliza kama sasa wanapeleka dawa mapema.

Ndiyo, walikuwa wanapeleka. Meneja wa Utawala aliniita mwenyewe, akasema nirudishe utaratibu wa zamani, Juni kwa Juni, na ya kati iandikwe kando ya wastani, na hesabu kubwa kuliko zote iwe na safu yake. Alizeeka upesi baada ya hapo. Zahanati ya juu haikukosa kwinini tena katika miaka yangu, na kuna mwaka masanduku yalikaa rafuni mpaka dawa ikaisha muda, na hakuna aliyecheka.

Nilistaafishwa mapema, mwisho wa miaka hiyo ya tisini, wakati idara ilipounganishwa na nyingine na kompyuta mpya zikaletwa pamoja na vijana waliozijua. Nilikabidhi funguo na disketi. Hakukuwa na keki. Sikuona vibaya.

Sasa niko Kiptere, nina chai yangu kidogo na ng'ombe wawili. Wajukuu wa dada yangu wanasoma chuo, na wananionyesha kwenye simu zao jinsi wastani, kati na modi zinavyotoka zote mara moja bila kupanga chochote. Nawaambia ni vizuri. Nawaambia pia wakishapata jibu warudi juu kwenye safu, wasome kisanduku kimoja kimoja, na kila wanapoona pako patupu waende wakaulize mlangoni. Wananiitikia kwa heshima, kisha wanarudi kwenye simu.

Na mwezi wa sita ukifika, mvua ikilegea na jua likichomoza kwa joto, huwa nasimama mlangoni mwa kanisa watoto wanapotoka, nawashika paji la uso mmoja mmoja kwa kiganja. Mama zao wamenizoea. Watoto huniita kogo, yaani nyanya, hucheka na kujitoa mkononi mwangu.

"Kogo, mimi si mgonjwa!"

"Najua," nawaambia. "Simama kidogo tu."